Stesheni Iliyouteremsha Mji

Mji wa Moshi wa kwanza ulikuwa juu, kwenye mlima Kilimanjaro. Huko ndiko Wajerumani walikoweka boma lao, katika nchi ya Mangi Meli, mtawala wa Kichagga waliyemnyonga Machi 1900. Reli ndiyo iliyouteremsha mji. Injini ya mvuke na mlima haviivani: magurudumu ya chuma huteleza juu ya chuma, na kila hatua ya kupanda hupunguza mzigo unaovutika. Kwa hiyo njia iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilishika tambarare, ikapita Korogwe, ikaambaa chini ya milima ya Usambara na Upare, na mwaka 1911, baada ya kilomita 352, ikakomea uwandani. Hapo pakaitwa Moshi Mpya. Kule juu kukabaki Old Moshi, na kata za huko zinaitwa hivyo hadi leo.

Miaka hiyohiyo, pembezoni mwa London, stesheni zilijengwa kwenye mashamba matupu, nyumba zikafuata. Huku mambo yalikwenda mbali zaidi, kwani kitongoji cha stesheni kilimzidi mzazi wake kisha kikachukua jina lake.

Stesheni za njia kama hii hazikuhitaji ufahari. Zilihitaji baraza yenye paa lililotokeza mbele, abiria asilowe masika wala asiungue kiangazi. Dirisha la tiketi. Ofisi ya stesheni masta. Tangi la maji ya injini. Reli ilikuwa moja tu, hivyo treni zilipishana stesheni, na ndiyo maana hata porini utakuta kijengo cha stesheni.

Lakini kwangu mimi moyo wa stesheni ya Moshi ni mizigo. Kahawa iliyochumwa vihambani, mashamba ya Wachagga, iliteremka hadi relini, ikaelekea bandarini. Wachagga walipounda chama chao cha wakulima mwaka 1925, na chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, kahawa yao iliendelea kupitia kwenye reli hii, ambayo tangu 1929 ilikuwa imefika Arusha.

Treni za abiria zilikoma kwa zaidi ya miaka 20, zikarudi Desemba 2019. Ombi langu kwa wanaokarabati majengo ya njia hii ni moja: baraza zile zisizibwe kwa matofali kuongeza vyumba. Mama aliyeteremka na mikungu yake ya ndizi tangu alfajiri anahitaji pa kuketi, kivulini, huku akiiona reli.