Kuchezacheza kwa Miali ya Gesi

Kuchezacheza kwa mwali wa gesi ni kule kurefuka na kufupika kwa ulimi wa moto kwa mapigo yanayokaribia kulingana, hata mahali pasipo na upepo. Huonekana zaidi katika mwali wa njano, ambao gesi yake hukutana na hewa baada ya kutoka tunduni. Mwanafunzi akiziba tundu la hewa la kichomeo cha Bunsen hulishuhudia jambo hili papo hapo: mwali wa buluu uliotulia hugeuka wa njano, hurefuka na kuanza kuyumba.

Wengi huulaumu upepo au mtungi. Chanzo hasa ni tofauti ya uzito. Gesi ya moto ni nyepesi, hivyo hupanda kwa kasi kando ya hewa baridi iliyotulia. Zinapokwaruzana, hewa hujiviringa na kufanya pete inayouzunguka mwali kama bangili. Pete hupanda na mwali. Sehemu moja hutuna, nyingine hubanwa kiunoni, na mara nyingi ncha hukatika, ikaelea kitambo kidogo kisha ikazimika. Wakati huo pete nyingine imekwisha kuanza chini.

Mapigo hutegemea upana wa moto kuliko wingi wa gesi. Ili kuyakadiria, 1.5 hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha kipenyo katika mita: kichomeo cha sentimita 1 hutoa mapigo kama 15 kwa sekunde, moto wa mita 1 kama pigo moja na nusu tu. Koki ikifunguliwa zaidi mwali hurefuka, lakini mapigo hayabadiliki sana. Mwaka 1992, mishumaa iliyowashwa ndani ya chombo cha anga Columbia ilitoa miali midogo ya buluu, karibu ya mviringo, iliyotulia: pasipo uzito, gesi ya moto haina juu ya kupandia.

Sauti nayo huchezesha mwali, ingawa kwa njia nyingine, kwa kuutikisa mkondo wa gesi. Mmarekani John Leconte aliandika mwaka 1858 jinsi taa za gesi katika tafrija ya muziki zilivyoruka kwa kuifuata sello, kiasi cha kiziwi kuweza kuuona muziki. Hilo hutokea pale tu kasi ya gesi inapokaribia kuuvuruga mwali.

Viwandani, baadhi ya vigunduzi vya moto hutumia mapigo haya kutofautisha moto na jua au mashine iliyopata joto.

Jiko la biogesi linaloruka kwa mishtuko mikubwa ya polepole ni habari nyingine kabisa. Hapo kwa kawaida mvuke umepoa na kuwa maji ndani ya bomba, na gesi inapenya kwa mabonge. Dawa yake ni kuyatoa maji kwenye koki iliyo sehemu ya chini kabisa ya bomba.