Zimwi la Kiberiti

Wahenga walinena: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hii twaifundisha mwaka nenda mwaka rudi, lakini ni mara chache tumpapo mtoto nafasi ya kujuana na zimwi hilo. Ndugu walimu, yafaa basi tuitazame kidogo historia ya vikaragosi.

Neno lenyewe ni msafiri. Asili yake ni Karagöz, yaani "jicho jeusi", jina la mhusika mcheshi katika mchezo wa vivuli wa Waturuki. Lilipofika pwani ya Afrika Mashariki likavikwa kiambishi cha Kiswahili, likawa letu.

Vikaragosi vya mkononi navyo vina habari zake Ujerumani. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, mchoraji Paul Klee, aliyekuwa ameitwa jeshini, alimtengenezea mwanawe Felix vikaragosi vya kumpa siku alipotimiza miaka 9. Miongoni mwao walikuwamo Shetani na Bwana Mauti. Hivyo mtoto wa wakati wa vita aliweza kumvaa Mauti mkononi na kumtuma apendavyo.

Hadi mwaka 1925, alipokuwa mwalimu katika chuo cha Bauhaus mjini Weimar, Klee alikuwa ametengeneza vikaragosi vipatavyo 50. Hakununua vifaa vya thamani. Alitumia plasta, mifupa ya ng'ombe, maganda ya kokwa na vitambaa vikuukuu. Pepo mmoja wa mwaka 1923 kichwa chake kilitokana na soketi ya umeme. Mwingine, wa mwaka 1925, alitokana na viberiti. Baadhi viliteketea katika vita vya pili. 30 vimehifadhiwa mjini Bern, Uswisi.

Nasi tusio na vifaa twaweza kuiga. Katika darasa langu, ambamo Kiswahili si lugha ya mama ya mtoto yeyote, tulitengeneza mazimwi kwa viberiti, magunzi na maganda ya migomba. Mzazi mmoja alinilaumu kwamba nawafundisha watoto woga. Nilimjibu kwamba woga waliutoa nyumbani. Hapa wanautia macho na meno ili wauone.

Alikuwapo mtoto ambaye muhula mzima hakutamka neno. Alilibandikia zimwi lake macho ya maharagwe, akajificha nyuma ya dawati, kisha ikasikika sauti nzito: "Mimi nataka kula nyinyi!" Darasa zima likapiga kelele kwa furaha. Ulimi wangu wa ualimu ulikwisha kutaka kusema, "Nataka kuwala." Nikauzuia. Sarufi ilingoja hadi kesho yake, naye kesho yake akaipokea kwa sauti yake mwenyewe, kiberiti kikiwa mfukoni.