Kidonge kilichookoa watu, kikachoma miguu

Nilimkuta Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, mama muuza usipa. Kila akimaliza kuanika chanja moja huvua kandambili na kwenda kusimama ziwani. Miguu inawaka, akasema, kama nimekanyaga majivu ya moto. Mashavu yalikuwa yamebonyea, mishipa ya mikono imetokeza kama kamba za nyavu. Lakini alikuwa hai, ingawa ndugu zake walikwisha kumlilia.

Serikali ya Tanzania ilianza kutoa dawa za kufubaza VVU, kama alizomeza yeye, bila malipo Oktoba 2004. Kwa wengi wa wagonjwa wa mwanzo, ndani ya kidonge mlikuwa na stavudini. Kemikali hiyo ilikuwapo kabla UKIMWI wenyewe haujajulikana: Jerome Horwitz wa Marekani aliiunda miaka ya 1960 akitafuta tiba ya saratani. Ilikubaliwa kwa VVU huko Marekani mwaka 1994.

Kirusi hujinakili kwa kuunga nukleotidi moja baada ya nyingine. Stavudini imefanana na thimidini, kijenzi cha mojawapo, ila haina ndoano ya kushika inayofuata. Kirusi kikiiokota, nakala inakatikia hapo.

Balaa ni kwamba kirusi hakidanganyiki peke yake. Mitokondria, vinu vya nishati ndani ya seli, zina DNA yao wenyewe: herufi 16,569, jeni 37, na 13 kati ya hizo hutoa protini za kuzalisha nguvu. Polimerasi gama, kimeng'enya kinachoinakili DNA hiyo, nacho huiokota stavudini. Seli ya neva haigawanyiki, kwa hiyo akiba yake ya nukleotidi halisi ni ndogo, na penye uhaba bandia hupenya upesi. Nakala za DNA zikipungua, hakuna cha kusomwa. Protini hazitengenezwi, kinu kinapoa. Neva ndefu kuliko zote huishia kwenye nyayo, ndiyo maana moto ulianzia huko.

Simlaumu aliyekileta kidonge kile. Kilikuwa rahisi, kilipatikana, na makaburi kutoka milima ya Umatengo hadi pwani ya Nyasa yalikuwa yakiongezeka. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 stavudini iachwe hatua kwa hatua. Tenofovia, dawa ambayo huigusa polimerasi gama kidogo sana, ikashika nafasi yake.

Mama yule alibadilishiwa dawa. Nilipopita tena alikuwa akipanga usipa na kandambili miguuni. Ganzi imebaki vidoleni, mashavu hayakurudi yote.