Viti vya Duara, Kutoka Boston Hadi Kivu

Tiba ya kikundi haikuanzia kwa wagonjwa wa akili. Ilianzia kwa maskini wenye kifua kikuu. Mwaka 1905, mjini Boston, daktari Joseph Pratt aliwakusanya wagonjwa wasioweza kulipia matibabu ya bweni, akawa anakutana nao kila wiki kuwafundisha kupumzika, kula vizuri na kuandika hali zao kwenye daftari. Nia yake ilikuwa kubana muda na gharama. Baadaye ndipo alipong'amua kwamba kule kukaa pamoja nako kulikuwa dawa. Tangu hapo, kila mara tiba hii ilipopiga hatua, nyuma yake utakuta uhaba: wagonjwa wamejaa, waganga hawatoshi. Na anayewasikiliza wagonjwa hao ndiye aliyekawia kukumbukwa.

Vita Kuu ya Pili ilileta uhaba huo kwa kishindo. Hospitali ya kijeshi ya Northfield, Birmingham, ilikuwa na askari waliovunjika moyo bila jeraha la kuonekana. Mwishoni mwa 1942, daktari wa akili Wilfred Bion, akisaidiana na mwenzake John Rickman, alikabidhiwa kitengo cha mafunzo hapo. Hakuwaita askari ofisini mmoja mmoja. Aliamuru kila mtu ajiunge na kikundi, kiwe cha useremala au cha kusoma ramani, na saa 6:10 mchana wote wakutane kuyajadili mambo ya kitengo chao wenyewe. Mambo yalivurugika: wengine walizembea, uchafu ukazidi, naye akawaachia walitafakari tatizo hilo wao. Wakubwa wa jeshi hawakuivumilia fujo hiyo. Baada ya wiki sita hivi jaribio likafutwa. Daktari mwingine wa akili, S. H. Foulkes, aliyefika hapo baadaye, aliendeleza kazi ya vikundi kwa utaratibu uliodumu.

Lakini Bion mwenyewe alikuwa nani? Katika Vita Kuu ya Kwanza aliongoza kifaru huko Cambrai, akiwa kijana wa miaka 20. Kumbukumbu zake ndefu za vita hivyo zilichapishwa mwaka 1982, yeye akiwa ameshafariki. Mtu aliyewakusanya wenzake wazungumze alitembea na vita vyake kifuani kwa miongo kadhaa.

Katika miaka ya 1950, Michael Balint, daktari Mhungaria aliyehamia London, alianza kuwakutanisha madaktari wa kawaida. Daktari alileta habari za mgonjwa aliyemsumbua, wenzake wakamuuliza maswali, na mara nyingi mazungumzo yakaishia kwa daktari mwenyewe: mbona huyu anakukasirisha? Hilo ni duara la wanaotibu, na kwangu mimi ni uvumbuzi mkubwa kuliko unavyosifiwa.

Maveterani wa Vietnam walikwenda mbali zaidi. Kuanzia 1970, mjini New York, waliunda vikundi vyao na kuwaalika madaktari wa akili Robert Jay Lifton na Chaim Shatan, kwa sharti kwamba wataalamu wasijifiche nyuma ya vyeo. Nao waseme yanayowagusa. Kelele za vikundi hivyo zilichangia kuingizwa kwa maradhi ya kiwewe katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980. Mwanasaikolojia Yael Danieli, aliyefanya kazi na manusura wa mauaji ya Wayahudi, aliwageukia waganga na kuonyesha jinsi walivyokwepa simulizi kwa hatia, hasira na woga. Na mwaka 1990, wanasaikolojia Lisa McCann na Laurie Anne Pearlman waliandika wazi kwamba msikilizaji naye huweza kubadilishwa na anayoyasikia.

Kwetu Afrika, uhaba ni mkali zaidi. Huko Byumba, kaskazini mwa Rwanda, kuanzia 2005 majirani waliotenganishwa na mauaji ya kimbari waliketi pamoja katika vikundi vinavyoongozwa na watu wa hapohapo. Mashariki mwa Kongo, katika eneo la Kivu, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia wanawake waliofanyiwa au kushuhudia ukatili wa kingono. Katika vijiji vilivyopewa tiba ya kikundi, wanawake sita hadi wanane waliketi pamoja na msaidizi Mkongomani asiye daktari. Wengi hawakujua kusoma, hivyo mazoezi yaliyobuniwa na mwanasaikolojia Mmarekani Patricia Resick kwa ajili ya karatasi na kalamu yalirahisishwa na kushikwa kwa moyo. Kazi ilikuwa kulipima wazo kama “mimi ndiye niliyejiletea” mpaka lipoteze nguvu. Miezi sita baada ya tiba, 9% ya waliotibiwa kwa kikundi walikuwa na dalili zinazofikia kiwango cha sonona au wasiwasi, dhidi ya 42% ya waliopewa msaada wa mtu mmoja mmoja.

Takwimu hizo ndizo zinazonukuliwa. Mimi hutazama zaidi mfumo uliokuwa nyuma yake: msaidizi alikuwa na msimamizi Mkongomani, msimamizi naye akawa na mtaalamu aliyewekwa nchini, na huyo akiwasiliana na wakufunzi walioko Marekani. Wasaidizi hao waliishi katika eneo lilelile la vita. Anayetaka kuiga tiba hiyo kwingineko kwa bei nafuu ataona kwamba usimamizi ndio unaomeza muda na fedha, na ndio atakaoshawishika kuupunguza.