Bunduki za mitumba katika njia ya Tabora

Wadau, leo tuzungumzie mitumba. Siyo ile ya Karume na Manzese tunayovaa kwenda kazini, bali mitumba ya chuma, iliyobebwa mabegani kutoka pwani hadi Unyamwezi zaidi ya miaka 130 iliyopita.

Kuna watu Marekani na Ulaya wanaokusanya bunduki kuukuu za majeshi kama wengine wanavyokusanya stempu. Baadhi yao wanapenda sana bunduki za Kiitaliano zilizobadilishwa ili zitumie risasi ya kipenyo kingine. Maarufu kati ya hizo ni Vetterli ya mwaka 1870, iliyoundwa kwa risasi nene ya zaidi kidogo ya milimita 10. Vita Kuu ya Kwanza iliwakuta Waitaliano na upungufu wa silaha, wakazitoa hizo kuukuu ghalani, wakaingiza bomba jipya jembamba ndani ya mtutu wa zamani ili zitumie risasi ya milimita 6.5, ambayo ndiyo viwanda vyao vilikuwa vinaitoa wakati huo. Kwa nini wajisumbue kiasi hicho? Jibu ni rahisi: bunduki isiyo na risasi ni rungu tu, tena rungu zito.

Tuchukue jibu hilo twende nalo Tabora.

Shuleni tulifundishwa njia ya kati ya misafara kwa majina ya watu: Mirambo, Isike, Tippu Tip, Livingstone, Stanley. Tukakariri, tukafanya mtihani, tukasahau. Mimi nadhani historia ile inaeleweka vizuri zaidi ukiuliza swali moja la kihuni: risasi na baruti zilikuwa zinatoka kwa nani?

Mwaka 1866 Waprusia waliwapiga Waaustria wakitumia bunduki inayopakiwa kwa nyuma. Ulaya nzima ikashtuka. Ghafla bunduki za kushindiliwa mdomoni zikawa takataka. Waingereza walizikata Enfield zao nyuma, wakazifunga kifuniko kilichobuniwa na Mmarekani Jacob Snider. Miaka mitano baadaye, mwaka 1871, wakaiacha hata hiyo na kuchukua Martini-Henry. Wafaransa waliingia na Chassepot mwaka 1866 na kuibadili kuwa Gras mwaka 1874. Kila jeshi lilipobadili silaha, maghala yalibaki yamejaa bunduki za zamani. Zingepelekwa wapi? Wafanyabiashara wa Liège, kule Ubelgiji, walikuwa na jibu: Afrika.

Zikashuka Unguja, zikavuka hadi Bagamoyo, zikapanda na wapagazi. Mpagazi mmoja alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, kwa mwendo wa kilomita zipatazo 800 hadi Unyanyembe. Kupanda ni vitambaa, shanga, bunduki na baruti. Kushuka ni pembe za ndovu, na watumwa. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zinaingia sehemu hii ya Afrika kila mwaka. Hata ukipunguza nusu kwa sababu ya chumvi ya kibalozi, bado ni nyingi mno.

Sasa tazama ujanja wa gobore. Mtutu wake ni laini ndani, hauna mifuo, hivyo hauchagui chakula. Gololi ya risasi, kipande cha chuma, hata kokoto, vyote vinapita. Mhunzi wa Kinyamwezi aliyeweza kufua jembe aliweza pia kutengeneza gololi na kukarabati kifyatulio. Kwa hiyo gobore lilipofika Unyamwezi lilikuwa limepata nyumbani. Kilichobaki kutegemea pwani ni baruti nzuri, na fataki kwa zile zilizotumia fataki. Hapo ndipo Mzungu na Mwarabu walipokamata kamba.

Mirambo aliliona hilo mapema kuliko wengi. Himaya yake, Urambo, ilikaa juu ya njia ya Ujiji, na rugaruga wake walikuwa na bunduki. Mwaka 1871 alipogombana na Waarabu wa Tabora walidhani watammaliza kwa siku chache. Stanley mwenyewe, aliyekuwa anamtafuta Livingstone, aliungana nao vitani mwezi Agosti. Matokeo? Walikimbia. Mirambo aliingia Tabora, akachoma sehemu ya mji, na Khamis bin Abdallah akauawa. Stanley alilazimika kuzunguka kusini ili afike Ujiji.

Lakini kushinda vita siyo kushinda soko. Barabara ya baruti ilikuwa inapita kwa mahasimu wake. Nadhani hiyo ni sehemu kubwa ya sababu Mirambo alihangaika kujenga urafiki na John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja, na kuwakaribisha wamisionari Urambo. Alitaka mlango wake mwenyewe wa kwenda pwani. Mwaka 1880 Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliuawa Mpimbwe katika mapigano yaliyohusisha watu wake, na mlango ule ukafungwa. Alifariki Desemba 1884, na dola yake haikuchukua muda kusambaratika.

Halafu wakubwa wakakaa Brussels. Mkataba wa mwaka 1890 ulizuia kuingiza bunduki za kisasa Afrika, katika eneo lote la kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta. Lengo lililotangazwa lilikuwa kukomesha biashara ya utumwa. Lakini soma ndani: gumegume lenye mtutu laini na baruti ya kawaida viliruhusiwa kuendelea kuuzwa kwa masharti. Kwa maneno mengine, Mwafrika abaki na gobore, na risasi za kisasa abaki nazo anayekuja kumtawala.

Miaka mitatu haikupita. Mtemi Isike wa Unyanyembe alikuwa amewazuia Wajerumani zaidi ya mara moja nje ya ngome yake. Januari 1893 Tom von Prince alirudi na kuivunja. Isike aliingia katika ghala lake la baruti na kulilipua. Baruti alikuwa nayo, wadau, tena ya kutosha. Hakukosa ushujaa wala baruti. Alikosa nafasi sawa sokoni.

Kibao kikaja kuwageukia hata Wajerumani wenyewe. Vita ilipoanza mwaka 1914, askari wao wengi hapa kwetu walikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871, ya milimita 11, inayotoa wingu la moshi kila ikipigwa, hivyo adui anakuona ulipo. Koloni lilikuwa limepewa mitumba ya Berlin! Wakaanza kuishi kwa kuokota: walichoteka Tanga Novemba 1914 kilitosha kuzipa kombania tatu bunduki za kisasa. Upande wa pili, askari wa Kongo ya Wabelgiji walianza vita wakiwa na Albini, bunduki iliyopewa jina la afisa wa jeshi la majini la Italia, Augusto Albini. Ubelgiji iliichukua mwaka 1867, katika pilikapilika zile zile za kukata bunduki za zamani na kuzigeuza. Jeshi hilo ndilo lililoingia Tabora Septemba 19, 1916.

Na Lettow-Vorbeck aliposalimisha silaha Abercorn, Novemba 25, 1918, alikabidhi bunduki 1,071, zote za Kiingereza na za Kireno. Ya Kijerumani hakuna. Risasi za nyumbani zilikuwa zimekwisha, akazitupa bunduki za nyumbani na kuchukua za adui, kwa kuwa risasi za adui zilikuwepo porini. Waitaliano walibadili mtutu ili ufuate risasi. Yeye alibadili bunduki nzima.

Leo gobore kwetu ni habari ya polisi. Tunaandika "amekamatwa na gobore", tunapiga picha, habari imekwisha. Sipingi kabisa kuzikamata. Tembo wetu na abiria wa mabasi wameteseka vya kutosha. Tanzania ilitia saini Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo mwaka 2004, na silaha zilizosalimishwa huteketezwa. Mengi ya magobore hayo yametengenezwa na mafundi wa mitaani kwa mabomba, hayana cha kutuambia kuhusu Mirambo.

Lakini machache yanacho. Bunduki ya zamani ina mihuri: taji na neno Tower ni la Uingereza, herufi ELG ndani ya duara la yai ni Liège. Mhuri huo ni hati ya kusafiria ya chuma kilichotoka Ulaya, kikapita Bagamoyo, kikaishia kwenye msitu wa miombo. Kabla ya kukitia motoni, inachukua dakika tano kusoma mhuri, kupiga picha na kuandika kilipatikana wapi. Bunduki iharibiwe isiue mtu, sawa. Kumbukumbu yake ibaki, hata kama ni kwenye kabati moja pale Kwihara, kwenye nyumba ya makumbusho ya Livingstone.

Makumbusho yale yanatueleza Mzungu mmoja aliyepita na kulala pale. Itapendeza yakitueleza pia tani za chuma zilizopita na kubaki, na nani alikuwa ameshika baruti yake.