Kuku wa lupango: akiba iliyoweza kuisha kwa wiki moja

LUBUMBASHI – Enzi za Union Minière, mfanyakazi alipata mposho kutoka kampuni, na Gécamines nayo ililisha familia nyingi. Kisha mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990. Shaba ya Gécamines, iliyozidi tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ikashuka chini ya 50,000 mwaka 1994. Mishahara ikakaa miezi mingi bila kulipwa, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka katika mpango wa kuondoka kwa hiari.

Familia zikashika jembe na kufuga kuku kwenye lupango. Mmoja aliuzwa kwa feza ya masomo, mwingine kwa dawa ya mtoto.

Adui wa akiba hiyo ni ugonjwa wa Newcastle, uliotambuliwa mwaka 1926 huko Java na Uingereza. Watanzania huuita mdondo. Kuku hupinda shingo, huharisha kijani, na banda zima laweza kuisha kwa siku chache. Hauna dawa, una chanjo tu. Chanjo ya I-2, iliyotengenezwa Australia, huvumilia joto kiasi; hutolewa tone moja jichoni kila miezi minne.

Anayekimbiza kuku mgonjwa sokoni humpelekea jirani msiba. Achanjwe kuku mzima, kabla ya ugonjwa kufika.