Mzigo wa Mwenzio

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usufi ni mwepesi. Kanda likijazwa usufi hata mtoto mdogo hulibeba. Maana ya methali hii ni kuwa mtu hauhisi uzito wa mzigo ulio kichwani pa mwingine. Leo, msomaji mpenzi, nataka tutazame mzigo ambao mwenye nao hawezi kuutua jioni anapofika nyumbani kwake, nao ni uzito wa mwili wake mwenyewe. Tutautazama katika mitaa ya mashariki ya Nairobi iitwayo Eastlands, na hasa wakati wa sikukuu, kwa kuwa ndio wakati mzigo huo unapoongezeka na mbebaji wake anapochekwa zaidi.

Labda utauliza: unene wa mtu una historia gani? Je, si jambo la tumbo na sahani? Nami nakujibu kwamba sahani ina historia kama ilivyo na historia bendera. Ukitaka kujua kwa nini mtu anakula kama anavyokula, uliza alikaa wapi, alilipwa nini, na babu yake alishinda na njaa siku ngapi.

Tuanze na jina moja. Kariokor ni mtaa na soko maarufu kwa nyama ya kuchoma. Jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi wa Kiafrika, Carrier Corps, waliobebeshwa shehena za jeshi katika vita vya 1914 hadi 1918. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa, na wengi wao hawakuuawa na risasi bali na maradhi na chakula duni. Basi mahali ambapo leo watu hushiba nyama siku ya sikukuu, jina lake ni kumbukumbu ya watu waliobeba mizigo wakiwa na njaa. Ni vema kulijua hilo kabla ya kumcheka anayekula.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ulianzishwa mtaa wa Pumwani uwe makao ya Waafrika wa mjini. Ukafuata Shauri Moyo katika miaka ya 1930, na Kaloleni katika miaka ya 1940. Baadaye zikajengwa nyumba za Bahati, Makadara, Maringo na Jericho. Nyumba nyingi za mwanzo zilikuwa vyumba vya wanaume walioitwa mjini kufanya kazi, wakatarajiwa kurudi kwao kazi ikiisha. Waajiri wengi waliwapa wafanyakazi wao posho, ambayo kwa kawaida ilikuwa karibu ratili 2 za unga wa mahindi kwa siku. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilieleza kuwa mishahara ilikuwa imekadiriwa kwa haja za mwanamume asiye na jamaa, ikapendekeza ifikishwe kiwango cha kumtosha mtu na mkewe na watoto wake. Kwa hiyo kwa miaka mingi chakula cha mjini kilipimwa kwa kusudi moja tu, yaani mtu aweze kuamka kesho na kwenda kazini.

Na kazini alikwenda kwa miguu. Mabasi ya abiria yalianza Nairobi mwaka 1934, lakini nauli ilikuwa haba mfukoni mwa wengi. Hata leo, ukisimama alfajiri kando ya barabara ya Jogoo, utaona safu ndefu za watu wakielekea viwandani kwa miguu.

Katika maisha kama hayo sikukuu ilikuwa na maana kubwa. Siku ya Idi, pilau ya Pumwani ilinukia kutoka mlango hata mlango, na jirani asiye Mwislamu aliletewa sahani yake. Siku ya Krismasi, chapati zilisukumwa tangu usiku. Mimi nilikuwa mtoto katika miaka ya 1990, na nakumbuka kuwa kwetu chapati hazikuwa chakula tu; zilikuwa habari. Tulizihesabu. Tulijua nani kala mbili na nani kala tatu. Wengine walipanda mabasi pale Machakos na kwenda mashambani wakiwa na sukari, mkate na mafuta ya kupikia, na waliporudi na mashavu yaliyojaa walisifiwa kwamba wamenawiri. Kula sana siku ya sikukuu hakukuwa ulafi. Lilikuwa tangazo kwamba mwaka umekwisha na njaa haikutushinda.

Lakini nyakati hugeuka polepole, na desturi huchelewa kuzifuata. Leo chapati na maharagwe huuzwa kando ya barabara kila asubuhi. Viazi vya kukaanga viko kila kona, na soda iliyokuwa ya wageni hunywewa siku yoyote. Wako wengi ambao kazi yao ni ya kuketi, nao huenda kazini kwa matatu. Viwanja vilivyoachwa wazi kati ya nyumba vimepungua. Tazama Umoja, ambako nyumba ndogo za miaka ya 1970 zimetoa nafasi kwa majumba marefu yaliyobanana. Sikukuu imebaki kama ilivyokuwa, lakini kwa watu wengi ule upungufu uliokuwa ukiitangulia umeondoka. Wala sisemi kwamba njaa imekwisha Eastlands. La, ipo bado, na mara nyingine hukaa jirani na unene, ukuta mmoja ukizitenga nyumba mbili.

Mabadiliko haya hayakuonekana kwa macho tu, yalipimwa. Mwaka 1929 daktari aitwaye C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo ya Kusini katika Nyanza, alitangaza matokeo ya kupima shinikizo la damu la watu wapatao elfu moja wa huko. Aliona kwamba halikupanda kwa uzee kama lilivyopanda kwa Wazungu. Miaka 61 baadaye, yaani 1990, Neil Poulter na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya Wajaluo waliohama vijijini magharibi mwa Kenya na kuja Nairobi. Shinikizo la damu la wahamiaji hao lilianza kupanda katika miezi ya mwanzo tu ya kukaa mjini, na chakula chao kilikuwa na chumvi nyingi kuliko cha wenzao waliobaki nyumbani. Yafikiri maneno haya, msomaji. Watu walikuwa wale wale na damu ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mji. Na uchunguzi wa taifa wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa katika Kenya wanawake 33 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi kifaacho. Je, tutasema wote hao ni wavivu? Wachache waweza kuwa wavivu, lakini theluthi ya wanawake wa nchi nzima haiwezi kuelezwa kwa neno hilo.

Sasa tuutazame mwezi wa Desemba. Wataalamu wa Marekani waliwapima watu wazima 195 kabla na baada ya sikukuu za mwisho wa mwaka, wakatangaza matokeo yao mwaka 2000. Waliona kuwa kwa wastani mtu aliongezeka chini ya nusu ya kilo. Ni kidogo, tena ni kidogo kuliko wenyewe walivyodhani. Lakini kidogo hicho hakikuondoka katika miezi iliyofuata. Haba na haba hujaza kibaba: anayeongeza nusu kilo kila Desemba bila kuipunguza atakuwa na kilo 10 zaidi baada ya miaka 20, naye hataweza kukuambia alizipata siku gani.

Hapa ndipo penye ugumu. Mtu akitaka kupungua huhitaji kuungwa mkono, na desturi zetu mbili humnyima msaada huo. Ya kwanza ni ile ya kuheshimu kitambi, kukihesabu kuwa dalili ya neema, na kumwona anayekataa sahani kuwa amemdharau mwenyeji wake. Ya pili ni chungu zaidi. Katika miaka ya 1980 ukimwi ulipoenea Afrika Mashariki, watu wa Uganda waliuita ugonjwa huo kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba, slim. Tangu hapo kukonda kukawa shutuma. Anayenenepa huchekwa, anayepungua hunong'onezwa. Je, aende wapi?

Nitakueleza habari ya shangazi yangu aliyekaa Makadara. Mwezi wa Novemba mwaka mmoja aliambiwa na daktari kwamba sukari imezidi katika damu yake, na kwamba apunguze uzito. Desemba tukaenda naye mashambani. Aliposema, "Nimeshiba," aliulizwa kama chakula cha wakwe zake kina sumu. Aliposema ni mgonjwa, walicheka, wakamwambia kwamba mgonjwa hana mwili kama ule. Nami nilicheka pamoja nao. Nilikuwa na umri kama wako, na sikuona mzigo wowote, niliona usufi. Januari alirudi kupimwa akiwa amezidi, na usiku ule nilimsikia akilia jikoni.

Mwaka uliofuata wanawake watatu wa chama chake cha akiba walimuuliza kwa nini amekuwa mkimya. Akawaambia. Wakapatana kutembea naye kila alfajiri, wakifuata barabara ya Jogoo hadi ule uwanja wa mpira ambao sasa una jina la mchezaji mashuhuri Joe Kadenge, kisha warudi. Jirani mmoja aliponong'ona kwamba mama yule anakonda, ana nini, mmoja wao alijibu kwa sauti, "Ana miguu, na anatembea nami." Ilipofika Krismasi, mwenzake alimwendea mwenye nyumba mapema na kumweleza kwa adabu. Shangazi alikula chapati moja na mboga nyingi, akacheka, akaimba, wala hakuna aliyemhesabia. Januari hakuwa amepungua sana, lakini hakuwa ameongezeka. Kwake huo ulikuwa ushindi, na hakuushinda peke yake.

Mambo kama hayo yalitokea mbali pia. Mwaka 1961 mama mmoja wa mjini New York, Jean Nidetch, aliyekuwa na uzito wa ratili 214, alipewa na kliniki ya serikali maagizo mema ya chakula. Aliyajua yote, lakini nyumbani alikula biskuti kwa siri. Akawaita rafiki zake sita, akaungama mbele yao, nao wakaungama yao. Mkutano ule mdogo ulizaa mwaka 1963 chama kilichoenea duniani, Weight Watchers. Na mwaka 2018 wataalamu wa Birmingham, Uingereza, walitangaza jaribio lao la watu 272 wakati wa Krismasi. Nusu yao walishauriwa kujipima mara kwa mara na kupewa mashauri mepesi. Wengine walipewa karatasi tu ya habari za afya. Wale wa karatasi waliongezeka. Wale wa kwanza hawakuongezeka.

Unaona basi kwamba maarifa peke yake hayatoshi. Nidetch alikuwa na maarifa, na shangazi alikuwa nayo pia. Walichokosa ni mtu wa kushika upande wa pili wa mzigo. Na sisi wa Eastlands hatuna haja ya kuagiza dawa hiyo ng'ambo. Tangu siku za Pumwani ya kale, watu waliofika mjini bila ndugu walifanya ujirani kuwa udugu. Walizikana, walichangiana, walilea watoto wa wenzao. Chama kinachoweza kuhesabu shilingi za wanachama bila kuwaaibisha chaweza pia kuhesabu hatua zao.

Kwako wewe, mwanafunzi, nina maneno machache. Mwili wako ungali unakua. Usijinyime chakula wala usijilinganishe na picha za watu wengine. Ukiwa na wasiwasi juu ya uzito wako, mwendee mwuguzi au mwalimu umwaminiye. Lakini liko jambo uwezalo kulifanya sikukuu ijayo bila kungoja mtu yeyote. Mgeni akisema ameshiba, msadiki. Shangazi yako akifika, usianze kwa kuutaja mwili wake. Anza kwa jina lake na habari zake. Mama akiondoka alfajiri kwenda kutembea, vaa viatu umfuate. Na chapati zikiwa tayari, ule kwa furaha na shukrani, kwa maana waliotutangulia katika mitaa hii walizingoja mwaka mzima.

Mimi nilicheka nilipopaswa kunyamaza, na sauti ile ya jikoni ningali naisikia. Wewe bado una nafasi ya kunyosha mkono.